Njia ya Mwongo Ilikuwa Maili Saba

Baudilio Cárcamo hakuwa mwongo wa kila jambo, tumtendee haki. Ukimuuliza umri, atakwambia sitini na miwili bila kupunguza hata mwezi. Ukimuuliza kama supu ya mkewe imezidi chumvi, atasema imezidi, kisha atalala na njaa kwa ajili ya ukweli wake. Lakini muulize samaki kawavua wapi! Hapo mzee wa watu anakuwa mtu mwingine kabisa. Atakuonyesha kusini na samaki wametoka kaskazini, tena atakuapia kwa watakatifu wawili.

Siku aliponunua GPS ya boti, miaka minne iliyopita, uongo huo ukapata pa kuandikwa. Mashine ilikuwa na kioo cha rangi, ikikuonyesha boti yako katikati ya maji, na popote ulipobonyeza kitufe iliweka alama uipe jina. Mvuvi mwingine angeandika, "Hapa mikunga tele." Baudilio si mjinga. Je, mtu akipanda botini akachungulia? Basi kila alipopata mikunga wekundu wazuri, wale samaki warefu kama nyoka, yeye aliweka alama ya fuvu la kichwa, akaandika "Mwamba." Mwamba 3, Mwamba 6, Mwamba 9, hivyo hivyo hadi kumi, hadi ishirini. Na ili uongo upate miguu, alichukua rafadha kuukuu, lile panga la kusukuma boti, akaipiga nyundo nyuma ya nyumba, akidhani mkewe yuko kanisani, kisha akaitembeza gatini akilia, "Mlango wa Quetrén utaniua mie! Oneni rafadha yangu ilivyopinda!" Watu wakampa pole. Tangu hapo wakawa wanauzunguka ule mlango wa bahari kwa mbali. Ramani iliyokuja na mashine haikumsaidia mtu, maana eneo lile ililiacha jeupe. Hakuna aliyewahi kulipima.

Ubaya ni kwamba katika miamba yake yote ishirini na mitatu, mmoja ulikuwa mwamba kweli.

Sasa ikaja habari ya nyumba ya dada yake. Ercilia alikuwa na miaka sabini na minne, na ndiye aliyemlea Baudilio tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka mitano. Aliishi kisiwani Quetrén, ambako majirani walikuwa wameondoka mmoja mmoja hadi akabaki yeye, kondoo tisa na mguu unaouma. Zahanati iko Pindaco, ng'ambo ya pili. Kila mtu alimsihi ahame. Mwishowe akasema, "Nitahama. Lakini nyumba yangu naenda nayo. Nimezaa mle watoto watano na nimemzika mume kutoka mle. Siwaachii popo."

Katika visiwa vyetu vya Chiloé, huku kusini mwa Chile, maneno hayo hayamchekeshi mtu. Unaitisha minga, watu wanakuja na maksai na boti zao bila kudai malipo, wewe kazi yako ni kuwashibisha. Maji yakipwa, maksai wanaiburuta nyumba hadi ufukweni juu ya magogo. Maji yakijaa, nyumba inaelea, imefungwa mapipa matupu pande zote, na boti zinaikokota hadi inakokwenda. Nyumba ngapi zimevuka hivyo! Na moja moja zimekwenda zao na mkondo hadi ghuba kuu, na mwenyewe kabaki ufukweni ameshika ufunguo.

Ijumaa jioni walikutana jikoni kwa Baudilio kupanga njia. Mashine ilikuwa imefunguliwa kutoka botini, ikawekwa mezani na kuunganishwa na betri, katikati ya mkate wa viazi na birika la yerba mate, chai yetu ya majani. Ercilia alikaa karibu na jiko la kuni ameunyoosha mguu wake. Eduvina, mke wa Baudilio, alikuwa akikanda unga. Na kaka yake Eduvina, Nolberto, mwenye boti ya pili na mashine kama ile ile, alikuwa ameshaegemea meza kwa viwiko vyote viwili.

"Shemeji," alisema Nolberto, "Jumapili wametangaza ukungu. Boti nne zinavuta, wewe mbele, mimi ubavuni. Panga njia hapo, unitilie kwenye kadi ya kumbukumbu, tufuate mstari mmoja. Nisije nikawa nakwenda Pindaco, wewe unaipeleka nyumba Ajentina."

Baudilio alishtuka kidogo. Kadi ile ilikuwa haichagui. Ilibeba njia pamoja na alama zote zilizomo. Kisha akatabasamu moyoni. Na ibebe! Ni miamba tu, nani anaiba mwamba? Akaweka kituo cha kwanza ufukweni Quetrén, cha mwisho ghuba ya Pindaco, mashine ikachora mstari ulionyooka. Maili tatu. Kwa mwendo wa kukokota nyumba, maili moja na nusu kwa saa, ni saa mbili tu.

"Mama yangu!" Nolberto aliinama hadi pua ikagusa kioo. "Umepita juu ya mafuvu manne, shemeji. Sita, tisa, kumi na nne, kumi na tano. Boti inaweza kupita juu, lakini nyumba ina magogo chini, inaingia majini kuliko boti. Utamvunjia dada yako nyumba mchana kweupe."

"Miamba?" aliuliza Ercilia kutoka kando ya jiko. "Miamba gani tena? Kama kuna miamba siendi. Nibaki na kondoo wangu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Jikoni kwake mwenyewe, mbele ya watu watatu, na milango imefungwa. Ulimi ulimwasha Baudilio. Lakini akamtazama Nolberto, akamwona alivyotega masikio, akakumbuka mikunga wa Mwamba 6, wanene kama paja, na moyo ukagoma.

"Haina shida, dada. Tutaizunguka," alisema.

Akaanza kuvuta mstari kwa kidole. Kituo huku, kituo kule, kushoto kwa Mwamba 6, nyuma ya Mwamba 9, halafu chini kabisa, halafu juu tena. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuiona ya Baudilio: ilikuwa maili saba.

"Hii njia nimeiona," alisema Eduvina, akichungulia na mikono yake ya unga. "Ndiyo unayorudia nyumbani siku ya sherehe ya Mtakatifu Petro."

"Nyamaza wewe, hii ni kazi ya watu wazima."

"Inasema ni safari ya saa nne na dakika arobaini," alisema Nolberto. "Nyumba itaelea saa mbili asubuhi. Saa tano mkondo wa maji kupwa unashika nguvu, na mkondo ule, shemeji, boti kumi haziwezi kushika hata banda la kuku. Tuna saa tatu. Hesabu haikubali."

Baudilio akakuna kidevu. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo akikumbushwa anatoka nje kuangalia hali ya hewa. Alifungua ukurasa wa njia, mahali pa mwendo, akafuta moja na nusu, akaandika mbili na nusu. Mashine haina ubishi. Iliwaza kidogo, ikasema: saa mbili na dakika arobaini na nane.

"Unaona?" alisema Baudilio. "Imekubali."

"Imekubali nini? Nyumba itakwenda maili mbili na nusu kwa saa? Imefungwa mbawa?"

"Tutaongeza mafuta. Shemeji, nani mwenye mashine hapa?"

"Mimi pia ninayo," alisema Nolberto taratibu, lakini alichukua kadi. Ukweli ni kwamba kila mmoja pale alimwamini Baudilio kwenye maji. Hilo ndilo lililomsumbua usiku kucha, ingawa si kiasi cha kumwamsha mkewe.

Jumapili ukungu ulikuja kama ulivyotangazwa. Nyumba ilielea saa mbili, milango na madirisha yameng'olewa, maji yakiwa nusu ya ukuta, na watu ufukweni wakapiga makofi. Ercilia aliwekwa kwenye boti ya Baudilio, juu ya kreti karibu na usukani, amejitanda shali. Kamba zikakazwa. Boti nne zikanguruma. Nyumba ikawafuata shingo upande kama mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko.

Baudilio aliongeza mafuta. Kamba zikalia, moshi ukatanda, boti zikaserereka huku na huko, na kioo kikasema maili moja na nusu. Akaongeza tena. Moja na nusu. Mashine ile ile iliyomkubalia kila kitu mezani, leo ilikuwa imeshikilia ukweli kama karani mpya.

Wakazunguka Mwamba 6. Wakateremka kwenda kuzunguka Mwamba 9, wakiipa Pindaco mgongo. Ilipofika saa nne kasoro robo, mashine ilionyesha maili nne na zaidi zimebaki, na wakati wa kufika: saa saba kasoro dakika ishirini. Baudilio alichungulia nje. Majani ya mwani yaliyokuwa yamesimama juu ya maji tangu asubuhi yalikuwa yameanza kutembea, polepole, kuelekea ghuba kuu.

Aliogopa. Tuseme wazi: jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Aliigeukia nyumba nyuma, akaona dirisha la chumba alichokuwa akilala utotoni likiwa tundu jeusi ndani ya ukungu, na maji yakiingia na kutoka.

"Mbona tunarudi nyuma?" aliuliza Ercilia.

"Haturudi, dada. Tunazunguka miamba."

"Baudilio. Mimi nimekuosha masikio tangu una miaka mitano. Nitazame." Akamtazama, kisha akatazama chini. "Pale mbele pana mwamba au hapana mwamba? Nyumba yangu iko kwenye kamba yako."

Kisha akachukua redio. Mawimbi ya redio ile yanasikika boti zote za visiwa, na ufukweni Pindaco, ambako Eduvina na wanawake wenzake walikuwa wakipanga kome na viazi kwenye shimo la mawe ya moto.

"Boti zote. Baudilio hapa. Tunakata moja kwa moja kwenda Pindaco."

"Tunakata vipi?" Nolberto alijibu. "Mbele yako kuna Mwamba 9."

"Tisa si mwamba."

"Si mwamba ni nini?"

Hata ukungu, ungeapa ulikuwa unasikiliza.

"Ni mikunga," alisema Baudilio.

Mtu kwenye boti ya tatu akaanza kucheka na kidole chake kimebaki kwenye kitufe, kwa hiyo wote walilazimika kumsubiri amalize.

"Na Mwamba 6?" aliuliza Nolberto.

"Mikunga."

"Na kumi na mbili, ile uliyosema ilikula nanga yako?"

"Mikunga, shemeji. Wakubwa."

"Miaka minne nazunguka huku na dizeli yangu! Na rafadha iliyopinda je?"

Kabla hajajibu, ikaingia sauti ya Eduvina kutoka Pindaco. "Nyundo. Niliyahesabu mapigo, kumi na saba. Siku ile padre hakuja, nikarudi mapema."

Kicheko kilichopasuka kilisikika bila redio, kikipita kwenye ukungu kutoka boti hadi boti. Hata Ercilia alifunika mdomo kwa shali. Baudilio aliona aibu hadi masikio yakamwaka, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Alifungua njia, akafuta kituo kimoja baada ya kingine, vile vituo vyote vya kuzungukazunguka, hadi ukabaki mstari mmoja kutoka walipo hadi ghuba. Maili moja na robo tatu. Akarudisha mwendo kuwa moja na nusu, kama inavyostahili. Kufika: saa tano kasoro dakika tano. Wangewahi, kwa dakika za kuhesabu kwenye vidole.

"Sawa, nimenyoosha," alisema Nolberto. "Imebaki kumi na nne na kumi na tano. Mstari unapita katikati, karibu mno. Hizo nazo ni mikunga?"

Baudilio akainamia kioo. Moja ilikuwa mikunga. Nyingine ilikuwa mwamba wa kweli, pima moja tu kutoka juu ya maji, aliouona kwa macho yake mwaka ule wa kwanza. Lakini ipi? Aliziandika kwa mkono mmoja, kwa fuvu moja, kwa neno moja. Alikuwa ameficha vizuri hata akajifichia mwenyewe.

"Shemeji? Tupite kushoto au kulia?"

"Sikumbuki," alisema Baudilio. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ercilia akajivuta na kreti yake hadi kwenye mashine. Hakuwahi kuigusa maishani mwake. "Nionyeshe kijito cha Pindaco kiko wapi kwenye hiki kitu."

"Hapa."

"Na hayo mafuvu mawili, lipi limetazamana na mdomo wa kijito?"

"Kumi na tano. Robo maili kutoka pwani."

"Basi huo ndio mwamba. Baba aligonga hapo kabla wewe hujazaliwa, boti ikapasuka, akaogelea hadi mdomo wa kijito nimemng'ang'ania shingoni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Kimoja kiko hapo chini mpaka leo." Akakaa vizuri. "Hiyo nyingine ni samaki wako. Pita juu yao, wametushikilia vya kutosha."

Baudilio hakubisha. Aliweka kituo kimoja juu kabisa ya Mwamba 14, mstari ukapinda kidogo, akawasomea wenzake nyuzi za dira. Boti nne zikageuka pamoja na nyumba ikageuka nazo, taratibu, ikinung'unika kwa mbao zake zote.

Karibu saa moja baadaye, Nolberto aliyekuwa ubavuni upande wa kijito alisema kwenye redio, kwa sauti ya chini, "Kipima kina kimeruka. Pima ishirini, nane, mbili. Uko hapa kulia kwangu, shemeji. Mwamba wa kweli. Usije huku." Nyumba ikapita. Mwani tayari ulikuwa unakimbia kuelekea ghuba kuu, na kamba za upande mmoja zilikaza hadi zikatoa maji. Mara ukungu ukatoa harufu ya moshi na nyama ya nguruwe, wakaona maksai kumi na sita wamesimama majini hadi matumboni wakisubiri. Ilikuwa saa tano na dakika mbili.

Ilipofika alasiri nyumba ilikuwa nchi kavu, milango imerudishwa, na Ercilia ameshafagia mwani sakafuni na kuwasha jiko. Watu walikula hadi wakalegeza mikanda, wakanywa pombe ya matufaha, na kila aliyempita Baudilio alimwuliza kwa heshima kubwa kama pombe ile ilikuwa pombe au mwamba. Alivumilia. Jioni alimfuata dada yake jikoni.

"Nisamehe, dada."

"Maji hayakunitisha," alisema Ercilia. "Nimezaliwa juu ya maji. Ulinitisha wewe, ulivyokuwa tayari kuyaacha yaichukue nyumba yangu." Kisha akamkatia kipande cha mkate wa viazi, kikubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote, kama alivyokuwa akifanya siku zote baada ya kumchapa.

Jumatatu Baudilio aliondoka gatini mapema akijua atakalolikuta. Nolberto alikuwa na kadi. Hata asiye na mashine alikuwa ameyasikia yote redioni. Mwamba 6, tisa, kumi na mbili, zote zitakuwa zimejaa boti kama uwanja wa soko, na kwa haki kabisa. Alikuwa ameshajifundisha njiani namna ya kusalimia bila kununa.

Alipofika Mwamba 6 hapakuwa na mtu. Akaenda tisa. Maji matupu na ndege wawili. Ukungu ulikuwa umeondoka, unaona hadi mwisho wa dunia, na huko mbali akaziona boti tatu zimefuatana kwenye mstari mmoja. Zilikuwa zinapinda. Zikaenda kushoto, zikashuka chini, zikapanda tena. Zilikuwa zinafuata ile njia ya maili saba.

Akanyakua redio. "Shemeji! Mnakwenda wapi huko?"

"Kuvua," alijibu Nolberto. "Tunafuata njia uliyonipa kwenye kadi. Hapo ulipo kuna miamba mibaya sana, uangalie."

"Mibaya kupindukia," ilisema sauti ya boti ya tatu. "Mimi watoto wangu bado wadogo, siwezi kusogea hapo."

"Ilimla mtu rafadha," alisema wa nne.

Baudilio alicheka, kisha akajikuta analia, mzee mzima, peke yake juu ya mikunga wote wale. Walikuwa wamekubaliana kumwachia. Kwa miaka minne alikuwa akivua pale bila mtu yeyote karibu, na hakuwahi hata siku moja kuuona upweke wake. Asubuhi ile aliuona, ulikuwa mkubwa kuliko mlango wote wa Quetrén. Akapangusa uso kwa mkono wa sweta.

"Nolberto, geuza. Tisa ni yako. Wengine watakuta sita, na kumi na mbili, na kumi na nne."

"Unasema kweli, au utatuambia baadaye ni miamba?"

"Naandika sasa hivi," alisema Baudilio, na akainama juu ya mashine akaanza kufuta mafuvu, moja moja, akiandika majina ya watu. Fuvu la kumi na tano aliliacha. Alipoinua kichwa, boti zote tatu zilikuwa zimeacha ile njia ndefu na zinamjia zimenyooka.